Mtu Mzima na Mlango wa Chuo

Katika mabaraza ya miji yetu ya pwani husikika maneno ya namna mbili juu ya mtu mzima aliyerejea masomoni. Ya kwanza ni ya dhihaka: huulizwa asoma ili afanye nini na umri umekwenda, na husemwa kwamba kiti alichokikalia kingemfaa kijana. Ya pili ni ya sifa: hupigiwa makofi, hupigwa picha, huambiwa kwamba yeye ni mfano mwema kwa watoto. Sisi twaona kwamba maneno haya, ijapokuwa hayo ni machungu na haya ni matamu, yana kosa moja. Yote yamtazama mtu huyo akiwa mlangoni tu. Akisha kuingia ndani, hakuna amwulizaye limempata lipi.

Suala letu basi ni hili. Ikiwa sisi sote, serikali na chuo, jamaa na mtaa, tumemwambia mtu wa miaka arubaini kwamba mlango u wazi na aingie, na huku twajua, au twaweza kujua kwa kufikiri kidogo, kwamba ndani hakuna wa kumwonyesha njia na kwamba yamkini ataanguka kabla ya mwaka kwisha. Je, tumemfanyia wema au tumemhadaa? Na akianguka, kosa ni lake peke yake, au liko fungu letu ndani yake?

Kabla ya kuendelea tuweke neno moja sawa. Kwetu pwani, chuo tangu zamani ni mahali pa kusomea Kurani; mtoto hutiwa chuoni hata hajajua kufunga vifungo vya kanzu yake. Hapa twasema juu ya vyuo vya ualimu, vya ufundi, vya uuguzi, na vyuo vikuu. Lakini hatusikitiki kwamba neno ni moja, kwani baadaye tutarejea kwenye chuo kile cha kwanza, na huko tutaiona aibu yetu wenyewe.

Hivi karibuni tulikwenda Bara kuwazuru jamaa, tukakaa siku kadhaa Kanduyi. Msomaji wa Mombasa au wa Lamu huenda akauliza Kanduyi ni wapi. Ni katika kaunti ya Bungoma, magharibi ya Kenya, penye njia panda ambapo barabara kuu itokayo Eldoret na Webuye kwenda Malaba huachana na barabara iingiayo mjini Bungoma. Ni nchi ya Wabukusu, nchi ya mahindi na miwa. Wala si nchi ngeni kwetu sana kama tudhaniavyo. Mumias, mji wa Nabongo Mumia, hauko mbali na hapo, na huko ndiko misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilikokuwa ikipumzika katika karne ya 19 ikielekea Uganda, na ndiko Uislamu ulikoanza kuenea katika upande huo wa nchi.

Zamani mtu wa Kanduyi aliyetaka chuo kikuu alipanda basi la Nairobi, na baada ya mwaka 1984 basi la Eldoret. Leo apanda bodaboda, chombo ambacho, tukumbuke, asili yake ni huko huko mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako watu walianza kuvushwa kwa baiskeli katika miaka ya 1960. Kibabii, kando ya barabara ya kwenda Chwele, palifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Kakamega, na mwaka 2015 kikapewa hati ya kujitegemea. Sang'alo kuna chuo cha ufundi ambacho ni cha siku nyingi zaidi. Kwa hivyo mtu hawezi kusema tena kwamba elimu ya juu iko mbali. Iko karibu hata mama muuza ndizi njia panda aweza kuwahesabu wanafunzi wapitao mbele yake asubuhi. Na ukaribu huu ndio uliotufungua macho, maana tuliwaona watu walio umbali wa nusu saa tu na chuo, nao wako mbali nacho kama tulivyo mbali na Uchina.

Tulizungumza na mama mmoja auzaye nguo za mitumba. Jina lake hatulitaji, na mambo yake tumeyachanganya na ya wenziwe wawili ili asijulikane. Aliacha skuli katika darasa la saba kwa kukosa ada, katika siku ambazo hata skuli ya msingi ilikuwa na malipo. Msamaha wa ada za msingi Kenya ulikuja mwaka 2003, na wa ada ya masomo ya sekondari mwaka 2008, naye wakati huo alikwisha kuwa na watoto. Alipotimiza miaka thelathini na moja akaingia ngumbaru. Darasa hizi za watu wazima si jambo jipya: bodi yake iliwekwa kwa sheria mwaka 1966, na mwaka 1979 ikaundwa idara nzima na kufanywa kampeni ya nchi yote ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Yule mama akasoma jioni, akafanya mtihani wa msingi, kisha akajisajili mwenyewe kufanya mtihani wa sekondari, akapata alama ya C kutoa. Alama hiyo haimwingizi mtu katika shahada, ambayo kwa kawaida yataka C jumlisha, lakini yamfikisha kwenye stashahada. Akakubaliwa katika chuo kimoja. Siku aliyopata barua, kanisa la jirani na msikiti wa mtaani vyote vilimwombea dua.

Sasa msomaji sikiliza yaliyofuata, kwa sababu hapo ndipo penye maana.

Wiki ya tatu aligundua kwamba hayumo katika orodha ya masomo mawili. Masomo, kumbe, mwanafunzi hujiandikisha mwenyewe kwa kompyuta au kwa simu, na siku za kujiandikisha zilikwisha pita. Tangazo lilipelekwa katika kundi la WhatsApp la wanafunzi. Yeye hakuwemo, kwani hakuna aliyemwambia kwamba kundi lipo, naye aliona haya kuwauliza vijana walio rika la mwanawe wa kwanza. Alipokwenda ofisini akaambiwa kila mtu ajua. Hakuna aliyemtukana. Lakini neno hilo, kila mtu ajua, lilimwingia kama sindano, kwani maana yake ni kwamba yeye si mtu katika hao watu.

Kisha ikaja kazi ya kuandika. Mhadhiri aliwaambia waandike kurasa tano juu ya malezi ya mtoto. Mama huyu amelea watoto wanne. Akaenda maktaba, akachukua kitabu, akakisoma mpaka akakihifadhi, na usiku akaandika kurasa tano safi, neno kwa neno, bila ya kufungua kitabu mara ya pili. Kwa ngumbaru, na kwa mtihani wa sekondari, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kusifiwa. Kazi ikarudi na sifuri, na chini yake neno moja la wino mwekundu lenye maana ya wizi. Alitwambia kwamba tangu kuzaliwa kwake hajawahi kuitwa mwizi, na kwamba alikwenda nyumbani kwa miguu ili asikae karibu na mtu katika gari.

Twaomba msomaji akae kidogo katika jambo hili, maana lina somo kubwa kuliko linavyoonekana. Mama huyu hakukosa bidii wala akili; mtu ahifadhiye kurasa tano usiku mmoja si mjinga. Kilichotokea ni kwamba amevuka mpaka bila ya kuambiwa kwamba ng'ambo ya pili sarafu ni nyingine. Katika skuli aliyoijua, elimu ni amana unayopokea na kuirudisha kama ulivyopewa. Katika chuo, elimu ni mjadala, na atakaye kusema lazima aseme hili nimelitoa kwa fulani, hili ni langu, na hapa namkhalifu fulani kwa sababu hii. Kijana aliyetoka sekondari kubwa, mwenye ndugu aliyesoma kabla yake, hulipata jambo hili kwa kusikia mezani. Mtu mzima aliyepita njia ya ngumbaru hana meza hiyo.

Nasi Waislamu tungeweza kumfahamisha kwa dakika kumi kuliko mtu yeyote. Nani ajuaye kuliko sisi kwamba neno lisilo na isnadi halina uzito? Wanavyuoni wa hadithi walisafiri mwezi mzima kumwuliza mtu mmoja amelisikia neno kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka mwisho wa mnyororo. Kuhifadhi kwao kulikuwa jambo tukufu, lakini kuhifadhi bila ya kumtaja uliyepokea kwake kulitosha kumwangusha mpokezi. Chuo kitakapo mwanafunzi aandike jina la mwenye kitabu na mwaka wake, chataka isnadi; hakuna zaidi. Tulipomweleza yule mama hivyo (yeye si Mwislamu, lakini jirani zake ni Waislamu, na habari ya hadithi na wapokezi wake aliwahi kuisikia) alicheka, akasema: "Basi mbona hawakuniambia?" Hilo ndilo suala letu lenyewe, limeulizwa kwa maneno machache kuliko yetu.

Ama wale wasemao kwamba mtu mzima amchukulia kijana nafasi, hoja yao tuitazame kwa insafu, kwa kuwa si hoja ya upuuzi. Viti ni haba, fedha za serikali ni haba, na kijana ana miaka mingi ya kuitumia elimu yake. Lakini hoja hii yachukulia kwamba elimu ni mfano wa kiti cha mashua, ambacho akikalia mmoja, mwingine hubaki pwani. Mama wa watoto wanne ajuaye kusoma chati ya mtoto na kuuliza suala hospitalini, nyumba yake yote imepanda mashua. Isitoshe, umri wa mwanzo si kipimo cha mwisho. Wasomao fiqhi ya Shafi katika misikiti yetu hukutana na jina la al-Qaffal wa Marw, aliyekufa mwaka 417 wa Hijra, yaani 1026. Neno qaffal ni mfua makufuli, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake mpaka alipokaribia miaka thelathini. Ndipo akaanza kusoma, akawa imamu wa Mashafi wa Khurasani. Lau watu wa baraza la Marw wangemrudisha dukani kwake kwa dhihaka, sisi leo tungekuwa tumepungukiwa.

Tena zipo nchi jirani zilizolifikiri jambo hili na kulitia katika kanuni. Makerere, kule Uganda, huwa na mtihani wa kuingilia kwa watu wazima wa miaka 25 na zaidi, ambao hauulizi cheti cha skuli bali wapima akili ya mtu na maarifa ya fani aitakayo. Tanzania ilifungua Chuo cha Kivukoni mwaka 1961 kwa watu waliotoka kazini na mashambani, na katika Azimio la Musoma la Novemba 1974 ikaenda mbali zaidi, ikataka kila atakaye chuo kikuu awe amefanya kazi kwanza. Kanuni ambayo baadaye ililegezwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kina masomo ya utangulizi kwa wasiofikia sifa za kuingia moja kwa moja. Kenya imechelewa: Chuo Kikuu Huria chake kilipata hati mwaka 2023.

Katika mambo hayo tunalipenda zaidi lile la masomo ya utangulizi, na tutasema kwa nini. Kufanya mlango wa pili kwa watu wazima ni jambo jema, lakini mlango hata ukiwa mpana namna gani hauwezi kufanya kazi ya ukumbi. Katika nyumba zetu za mawe mgeni hatoki njiani akajikuta chumbani. Hupita daka, kisha tekani, akazoea giza la ndani, akavua viatu, akajua adabu ya nyumba ile. Masomo ya utangulizi ndiyo daka. Humpa mtu mzima miezi michache ya kukosea bila ya kuandikiwa kosa lake katika daftari la daima. Yule mama wa Kanduyi kosa lake la kwanza liliandikwa.

Wako wenye kutukhalifu kwa upande mwingine, nao ni watu wema. Wasema: kumpa mtu mzima msaada wa peke yake ni kumdharau, ni kumwambia kwamba yeye ni mdogo, uadilifu ni kipimo kimoja kwa wote. Twajibu kwamba kipimo kimoja twakitaka, na tena twakitaka kwa ukali, lakini mahali pake ni mwisho wa safari. Muuguzi apimaye dawa ya mgonjwa haulizwi alianza kusoma na miaka mingapi. Akikosea, mgonjwa hufa vilevile. Chuo kitakachompitisha mtu mzima kwa huruma kitakuwa kimewadhulumu wawili, yeye na atakayemhudumia. Lakini kuwapima watu mwisho kwa kipimo kimoja, na mwanzoni mmoja ukampa ramani na mwingine ukamnyima, ukasema wote wamekwenda njia moja, huo si uadilifu. Ni uvivu uliovaa kilemba.

Sasa tufike palipo pagumu, ambapo hata sisi katika darsa letu hatukukubaliana upesi. Mtu mzima si kama kijana; nyuma yake wako watu walao kwa mkono wake. Baba akichukua fedha za ada ya mwanawe akalipia chuo chake mwenyewe, ana haki? Mmoja wetu alisema ndiyo, kwa kuwa baba akiinuka nyumba yote itainuka. Wengi wetu tulisema hapana, na hoja yetu ni hii: nafaka ya mtoto mdogo ni deni lililokwisha kuwa tayari, na matumaini ya mshahara wa kesho hayalipi deni la leo. Angoje, au apunguze mwendo, asome masomo mawili badala ya sita. Lakini mwenzetu yule hakunyamaza. Akatuuliza: je, na akingoja mpaka mdogo wao amalize, atakuwa na miaka mingapi? Na nyinyi mliomwambia angoje mmemkopesha nini ili asingoje sana? Hapo sisi ndio tulionyamaza.

Ama mwanamke, jambo lake katika sheria ni jepesi kuliko lilivyofanywa na ada za watu. Mali yake ni yake. Mitumba aliyouza yeye, na faida aliyoiweka yeye, hakuna mume awezaye kumwambia kwamba kuilipia chuo ni kumwibia. Twayasema haya wazi kwa sababu tumeona, Bara na kwetu pia, waume waliofurahi mke alipokuwa akisoma ngumbaru, kisha wakanuna alipopata barua ya chuo. Herufi hazikumtisha mume, cheti kilimtisha.

Na lile swali la mwenzetu latupeleka kwenye msingi. Wanavyuoni wamegawanya elimu mafungu mawili: iliyo fardhi kwa kila mtu, na iliyo fardhi ya kutosheleza, ambayo wakiifanya baadhi ya watu wengine husalimika, na wasipoifanya kabisa mji wote hupata dhambi. Utabibu, hesabu na ufundi utengenezao maisha ya watu vimo katika fungu hili la pili. Fikiri basi maana yake. Mji ukikosa wakunga, waalimu na mafundi wa kutosha, dhambi ni ya wote. Akiondoka mama mmoja wa mitumba kwenda kuusomea uuguzi, huyo hakwenda kwa haja yake tu. Amekwenda kutubebea mzigo wetu. Na mtu akikubebea mzigo, kumpa maji njiani si sadaka. Kwa hivyo twaona kwamba neno "kumsaidia" latumika vibaya katika jambo hili, kama kwamba sisi ni matajiri na yeye ni mwombaji. Sisi ndio wadeni.

Watu wa kwanza wa Uislamu waliyajua haya bila ya kuyaandikia makala. Pale Madina, katika kivuli cha msikiti wa Mtume, salla-llahu alayhi wasallam, walikuwako watu wa Suffa, maskini waliokaa kusoma. Na wengi wao walikuwa watu wazima. Abu Hurayra alifika mwaka wa saba wa Hijra, na yasemekana umri wake ulikuwa yapata miaka thelathini. Mapokezi yake twayasoma kila siku. Lakini katika khabari zake imo pia njaa yake, na wamo watu waliomchukua nyumbani wakampa chakula. Elimu ile ilikuja kwetu ikipita katika sahani ya mtu fulani.

Tulisema tutarejea katika chuo cha kwanza. Katika kila mji wetu wako watu wazima wasiojua kusoma Kurani. Wengine ni wafanyabiashara wakubwa. Huja darsani, wakakaa nyuma karibu na nguzo, wakasikiliza tafsiri ya Ramadhani miaka ishirini, na hawathubutu kumwambia mwalimu kwamba herufi hawazijui, kwa sababu wajua vijana watacheka, na wajua kwamba mwalimu mwenyewe atashangaa. Tumewaachia waibe elimu kwa masikio. Mtu wa namna hii, na yule mama aliyeona haya kuuliza juu ya kundi la WhatsApp, ni ndugu. Na sisi ambao tumemweka wa kwanza katika hali hiyo hatuna ulimi wa kuwalaumu wenye vyuo vya Bara. Wazee wetu walitangulia kufikiri juu ya elimu ya ufundi: taasisi ya elimu ya Waislamu iliyofunguliwa Mombasa mwaka 1951, kwa michango ya Waislamu wa madhehebu mbalimbali, ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, mwaka 2013. Tunapita mbele ya jengo lile kila siku. Ni wangapi kati yetu wenye mvi tumeingia ndani kuuliza tu?

Kule Bukusu haya ya umri ni nzito zaidi, kwa kuwa watu wa huko wana marika yenye majina, na kila mwanamume huhesabiwa katika rika alilotahiriwa nalo. Kumketisha darasani mtu wa rika moja na wana wa rika lake mwenyewe, kisha mhadhiri kijana akamwita kwa jina tupu, ni jambo ambalo anayetoka mbali hawezi kuliona, na anayetoka hapo hawezi kutoliona. Si lazima kanuni ibadilishwe. Yatosha mhadhiri ajue. Neno "mama" au "mzee" likitangulizwa mbele ya jina, halipunguzi elimu ya mtu yeyote.

Eldoret, katika barabara hiyo hiyo ipitayo Kanduyi, ndiko alikosomea mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza katika skuli ya Kapkenduiywo mwezi wa Januari 2004 akiwa na miaka 84, na dunia nzima ikamjua. Mwaka 2005 alipelekwa mpaka Umoja wa Mataifa, New York. Alifariki mwaka 2009 kabla ya kumaliza masomo ya msingi. Tunamrehemu, na hatumpunguzii sifa yake. Lakini tuliona Kanduyi kwamba watu waliomshangilia mzee yule wanapita mbele ya kibanda cha mama wa mitumba bila ya kujua kwamba ni mwanafunzi. Mtu wa miaka 84 katika darasa la kwanza hamtii mtu wivu, wala hadai nafasi ya kazi. Mtu wa miaka 38 katika mwaka wa kwanza wa chuo hadai makofi. Adai mtu wa kumkalia mtoto Jumanne jioni, na saa moja ya mtu atakayemwonyesha namna ya kuandika isnadi.

Sisi katika darsa letu tumekubaliana jambo dogo. Baada ya Isha, siku mbili kwa wiki, chumba cha nyuma kitakuwa wazi kwa mtu mzima yeyote, mwanamume siku moja na mwanamke siku nyingine, awe ataka kuanza alifu au ataka kujaza fomu ya chuo. Walimu wawili wastaafu na kijana mmoja wa mwaka wa pili wamejitolea. Hatutawaandika majina wanaokuja.

Yule mama aliyarudia yale masomo mawili muhula uliofuata, akayapita. Sasa yuko mwaka wa pili. Jumamosi alasiri, akisha kufunga mitumba yake, hukaa nyuma ya kibanda na wanawake watatu walioingia chuoni mwaka huu. Tulipokwenda kumuaga tuliwakuta hapo. Ameshika simu, awaonyesha mahali pa kubonyeza ili masomo yaandikwe kabla ya siku kwisha, na mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa akiiandika kila hatua kwa kalamu katika daftari la kuwekea hesabu za duka.